Mmea Wenye Ulimbo

Waliokulia Pwani wanaujua ulimbo: utomvu mzito uliopakwa kijitini, ndege akitua haruki tena. Subhanallah, uko mmea uliopewa ulimbo wake tangu kuumbwa.

Wataalamu huuita Drosera. Ni mmea mdogo, majani yake yamejaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kina tone ling'aalo mithili ya umande. Nzi hutua, akanata. Vinywele vikamwinamia polepole na mmea ukamyeyusha. Charles Darwin aliuchunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1875 akatoa kitabu kuhusu mimea ilayo wadudu. Aina moja, Drosera madagascariensis, huota hapa Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, katika vinamasi ambavyo ardhi yake ni fukara wa naitrojeni. Ufukara huo ndio unaoufanya mmea uwinde.

Kitengela si kinamasi. Nyanda hizi za Kajiado zina udongo mweusi unaogandamana na viatu wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Hata hivyo, tulipoletewa chungu kimoja cha Drosera tuliazimia kukilea barazani. Tukautia mmea samadi ya ng'ombe, tukaumwagilia maji ya udhu tuliyoyakinga, kama tufanyavyo kwa mchicha. Baada ya wiki chache matone yalikauka na majani yakawa meusi. Mtoto aliyekuwa akiwahesabu nzi wake alilia.

Kosa lilikuwa letu. Maji ya visima virefu vya huku yana chumvi na floraidi, ile iachayo madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto; hata birika zetu hufanya ukoko mweupe. Mizizi ya Drosera haiyavumilii madini hayo, na samadi huiunguza.

Chungu cha pili tumekijaza mboji ya kinamasi kutoka kitaluni, pamoja na mchanga uliooshwa vizuri. Hukaa juani, ndani ya sahani yenye maji kimo cha vidole viwili, tena maji ya mvua pekee. Nyama hatuulishi, wadudu wa barazani wanautosha. Wala hatuchimbi miche vinamasini, kwani vinamasi vyenyewe vinazidi kukaushwa kwa kilimo na majengo.

Dumu la mwisho la maji ya masika limebaki robo, na vuli haijaanza. Mtoto hulichungulia kila jioni baada ya Maghrib.