Sanduku la Ushahidi

Mtu asimamaye katika mashamba ya mpunga ya Mabogini, kusini ya mji wa Moshi, akitazama kaskazini auona mlima Kilimanjaro na vilele vyake, Kibo na Mawenzi. Mlima huo hupendeza macho, lakini kwa rubani aliye katikati ya mawingu ni hatari kubwa. Tarehe 18 Mei 1955, ndege ya East African Airways, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iliugonga, wakafa watu wote 20 waliokuwamo. Chuma kilichovunjika chaweza kuonyesha mahali ndege ilipogonga, lakini hakiwezi kueleza rubani aliona nini wala alisema nini. Siku zile ndege za abiria hazikuwa na chombo cha kuyahifadhi maneno ya marubani.

Hata hivyo, watu walikuwa wamekwisha anza kukitafuta. Mwaka wa 1939, huko Ufaransa, François Hussenot alitengeneza chombo kilichoandika mwendo wa ndege kwa nuru juu ya filamu ya picha. Chombo hicho kilitumiwa kwa kuzijaribu ndege mpya.

Kisha ikaja ndege ya Comet, ya kwanza ya jeti kuchukua abiria. Tarehe 2 Mei 1952 ilianza safari za London mpaka Johannesburg, ikipitia Entebbe, Uganda. Lakini mwaka wa 1953 na 1954 ndege kadhaa za namna hiyo zilianguka, na wataalamu wakahangaika kuitafuta sababu.

Miongoni mwao alikuwako David Warren wa Australia. Baba yake alikuwa amekufa katika ajali ya ndege mwaka wa 1934, naye akiwa mtoto wa miaka 9. Warren aliwaza: kama sauti za marubani zingehifadhiwa, sababu ingejulikana. Basi akatengeneza chombo kilichonasa sauti na vipimo vya ndege juu ya uzi mwembamba wa chuma, kwa muda wa saa 4.

Mwanzoni hakupata msaada. Marubani waliogopa kwamba chombo kile kingekuwa mpelelezi wa kuwashitaki. Mwaka wa 1958 mgeni kutoka Uingereza alikiona akakisifu, na baadaye Australia ikaamuru sauti za marubani zihifadhiwe katika ndege kubwa.

Leo chombo hicho huitwa sanduku jeusi, ingawa hupakwa rangi ya chungwa kali ili kionekane upesi. Huwekwa karibu na mkia, mahali ambapo mara nyingi huumia kidogo, nacho hustahimili moto, maji na kishindo kikubwa.

Wazee husema kwamba ajali haina kinga. Ni kweli, lakini ajali iliyojulikana sababu yake huwakinga wasafiri wajao.