MBIO ZA KUPOKEZANA: SAFARI YA WATU WENGI KWA KIJITI KIMOJA

Watu wengi wasikiapo habari za mbio humfikiria mtu mmoja tu, yule aliyetangulia kufika. Lakini zipo mbio za namna nyingine ambazo hakuna awezaye kushinda peke yake. Nazo ni mbio za kupokezana. Safari moja hugawanywa vipande, na kila kipande hupewa mkimbiaji wake. Akimaliza, humkabidhi mwenzake kijiti, naye huendelea mpaka atakapomkuta wa tatu. Kwa njia hiyo kundi la watu laweza kuivuka nchi nzima, umbali ambao mtu mmoja hangeuweza kwa mwendo ule.

Asili ya mbio hizi

Asili yake ni kazi ya kupeleka habari. Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, barua za kutoka pwani kwenda Uganda zilichukuliwa na matarishi waliokwenda kwa miguu. Huko Japani nako, hapo kale, palikuwa na vituo njiani ambapo wajumbe wa serikali walibadilisha farasi. Kutokana na vituo hivyo Wajapani waliziita mbio zao za kupokezana ekiden. Zile za kwanza zilifanyika mwaka 1917, kutoka Kyoto mpaka Tokyo, umbali wa zaidi ya kilomita 500, na wakimbiaji walikwenda mchana na usiku kwa muda wa siku tatu.

Wajapani hawatumii kijiti, bali ukanda wa kitambaa unaovaliwa begani. Mashindano yao mashuhuri ni yale ya vyuo vikuu, yaendayo Hakone na kurudi Tokyo kila mwezi wa Januari. Vijana kumi wa kila chuo hugawana njia ya kilomita 217 kwa siku mbili. Iko sheria moja kali. Kundi likichelewa mno, mkimbiaji anayengoja huamriwa kuondoka bila kuupokea ukanda wa mwenzake. Basi yule aliye nyuma hufika kituoni akauona mkono uliopaswa kumpokea umekwisha kwenda zake. Watu husema hakuna huzuni kubwa kuliko hiyo katika mbio. Tangu mwaka 1989 vijana wa Kenya nao wamekuwa wakikimbia huko.

Wakimbiaji wa nchi ya Gusii

Vilima vya Gusii, ambavyo zamani vilikuwa wilaya moja ya Kisii na leo ni kaunti mbili za Kisii na Nyamira, vimetoa wakimbiaji hodari tangu siku za mwanzo. Nyandika Maiyoro alikuwa katika kundi la kwanza la Wakenya lililokwenda kushindana Uingereza mwaka 1954. Katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne, mwaka 1956, alikuwa wa 7 katika mbio za mita 5,000. Mwaka 1960, huko Roma, alikuwa wa 6. Arere Anentia alipata medali ya shaba katika mbio za maili sita huko Cardiff mwaka 1958. Naye Naftali Temu aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki, katika mita 10,000 huko Mexico mwaka 1968. Hatimaye Yobes Ondieki, mwaka 1993 mjini Oslo, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 kwa muda usiofika dakika 27.

Hao wote walikimbia kila mtu kwa nafsi yake. Lakini mfano ulio bora wa kupokezana ulionekana katika mbio zilizo fupi zaidi, yaani zile za watu wanne, kila mmoja mita 400.

Siku tatu za Munich

Huko Mexico, mwaka 1968, Kenya ilipata medali ya fedha kwa miguu ya Daniel Rudisha, Hezekiah Nyamau, Naftali Bon na Charles Asati. Miaka miwili baadaye, Edinburgh, wakapata dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Kundi hilo la Edinburgh, yaani Asati, Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, ndilo lililokwenda Munich mwaka 1972. Watatu wa kwanza walikuwa watu wa Gusii, na Sang alikuwa Mnandi.

Tarehe 7 Septemba Asati na Sang walishindana wao kwa wao katika mbio za mita 400. Sang alikuwa wa tatu kwa sekunde 44.92, akapata shaba. Asati alikuwa wa nne kwa sekunde 45.13. Tofauti yao ilikuwa kama muda wa kupepesa jicho, na kwa muda huo Asati alikosa medali. Aliyemzuia kuipata alikuwa ndugu yake wa timu moja. Mtu mwingine angeweza kuweka kinyongo.

Tarehe 10 Septemba Asati alisimama mahali pa kuanzia akiwa na kijiti mkononi. Alikimbia sehemu yake akampa Nyamau, Nyamau akampa Ouko, na Ouko akampa Sang. Karl Honz wa Ujerumani Magharibi alitoka kwa kasi kubwa, lakini nguvu zikamwishia, na Sang akampita. Kenya ilishinda kwa dakika 2 na sekunde 59.83, na Waingereza wakawa wa pili. Ni kweli kwamba Wamarekani hawakuwapo, kwa kuwa wawili walikuwa wamefungiwa na mwingine ameumia. Lakini mataifa mengine yote yenye nguvu yalikuwapo, na Wakenya waliyashinda. Medali ambayo Asati aliikosa peke yake, aliipata pamoja na yule yule aliyemshinda, tena ikiwa ya dhahabu.

Mambo yanayofaa kujulikana

Kijiti ni bomba lililo wazi ndani, urefu wake sentimita 28 mpaka 30, na uzito usiopungua gramu 50. Katika mbio za uwanjani za watu wanne, kila mmoja mita 400, hukabidhiwa ndani ya mita 20 zilizowekewa alama. Kinachoangaliwa na waamuzi ni mahali kilipo kijiti, si mahali ilipo miguu ya mkimbiaji. Kikianguka, aliyekiangusha ndiye lazima akiokote.

Katika mbio za mita 400 anayepokea hugeuza uso kumtazama mwenzake, kwa sababu yule anayekuja amechoka na mwendo wake umepungua. Mpokeaji akiondoka mapema atamwacha nyuma, na akikawia atazuia mwendo. Kwa hiyo makabidhiano yahitaji mazoezi sawa na mbio zenyewe.

Kwa safari ndefu ya barabarani, kama mtu akitaka kutoka Suneka, apite Kisii na Keumbu mpaka Keroka, kisha ashike njia ya Nyamira, viongozi hawana budi kuichunguza njia kwanza. Aliye hodari wa vilima apewe mapando, na mwenye hatua ndefu apewe tambarare. Awepo mtu wa akiba kwa ajili ya atakayeugua. Kila kituo kiwe na maji na mtu wa kuandika saa. Zaidi ya yote, anayengoja awe tayari kabla mwenzake hajatokea kwenye kona, maana dakika inayopotea kituoni huwalazimu wote wanaofuata kuilipa kwa jasho lao.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Shule na vijiji vinavyotaka kufufua sifa ya Gusii katika riadha vyaweza kuanza na mbio hizi, kwani hazihitaji gharama kubwa. Kijiti kimoja, barabara, na vijana wanaoaminiana vyatosha kwa mwanzo.