Binti ataka Mweka, baba ataka Mlimani

Ilikuwa jioni ya mwezi Julai, siku chache baada ya matokeo ya mtihani wa kidato cha sita kutangazwa, nilipobisha hodi nyumbani kwa mzee mmoja wa Keko, fundi mitambo wa bandarini aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Binti yake wa tatu alikuwa amefaulu vizuri katika Baiolojia, Kemia na Jiografia. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kupika pilau ya pongezi, na majirani walikuwa wamekwisha kuila. Lakini nilimkuta mzee ameketi peke yake barazani, mkononi ameshika karatasi ya daftari iliyofutwafutwa kwa kalamu nyekundu.

Katika karatasi hiyo binti alikuwa ameandika vyuo vitatu anavyotaka kuomba, kwa mpangilio wa mapenzi yake: Mweka, Sokoine, na cha mwisho Mlimani. Baba mtu aliifuta orodha akaiandika upya. Mlimani kikawa cha kwanza, Sokoine cha pili, na Mweka hakikuwamo kabisa.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia salamu yangu, kisha akanipa ile karatasi. "Wewe ni mtu wa magazeti, hebu nisaidie. Kazini wote wanajua kwamba binti yangu amefaulu. Kesho wakiniuliza anakwenda chuo gani, niwajibu Mweka? Watadhani amekwenda mgambo."

Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, alisema kwa sauti ya chini, "Wa bandarini hawakijui, baba. Wenye hifadhi wanakijua."

Ndugu msomaji, mabishano ya namna hii nimeyasikia katika nyumba nyingi kila ufikapo msimu wa maombi ya vyuo, lakini sijapata kumsikia mtu akiyaeleza kwa maneno machache kama yule binti. Chuo huwa na mambo mawili ambayo sisi wazazi na jamaa huyachanganya. Kuna jina, yaani kule kujulikana na kila mtu, tangu kondakta wa daladala hadi shangazi aliye kijijini. Na kuna heshima, yaani ile sifa ambayo chuo kinayo mbele ya watu wa fani yenyewe, wale watakaompokea kijana kazini na kumpa zana mkononi. Pengine mambo hayo hukaa katika chuo kimoja. Pengine hutengana kabisa, na hapo ndipo nyumba hugawanyika.

Haifai kumcheka mzee wa Keko. Jina la Mlimani halikuota usiku mmoja kama uyoga. Chuo hicho kilianza mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria na kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kilihamia kule kilimani kilikopata jina lake la mitaani. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanywa kati ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam, kikawa chuo kikuu cha taifa. Tangu hapo hadi 1984 nchi hii haikuwa na chuo kikuu kingine hata kimoja. Mzee wetu alikuwa kijana wa sekondari katika miaka hiyo. Kwake yeye na rika lake, kusoma chuo kikuu na kusoma Mlimani lilikuwa jambo moja lenye majina mawili. Hata serikali ilipotoa noti ya shilingi 500 mwaka 2010, picha iliyowekwa nyuma yake ilikuwa ya Ukumbi wa Nkrumah wa chuo hicho. Ni chuo gani kingine ambacho watu walipata kukitia mfukoni?

Na kabla ya Mlimani lilikuwapo jina jingine. Babu wa binti huyu, kama angekuwa hai, angetaka mjukuu wake aende Makerere. Huko ndiko Mwalimu Nyerere alikosoma tangu 1943 hadi 1945, na kwa kizazi kile "mtu wa Makerere" alikuwa mtu wa kupishwa njiani. Wachache waliokuwa wakilitaja jina hilo kwa unyenyekevu walijua kwamba Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikiwa na vijana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Fundi mitambo wa bandarini alicheka sana nilipomweleza hayo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka jioni ile.

Sasa tuitazame hiyo Mweka ambayo alidhani ni kambi ya mgambo. Mkaazi wa Dar es Salaam akiwahi kulisikia neno hilo, aghalabu amelisikia kama jina la njia wanayoshukia wapanda mlima Kilimanjaro. Chuo kipo kwenye miteremko ya mlima huohuo, juu ya mji wa Moshi. Asili yake ni Ilani ya Arusha ya Septemba 1961 (si lile Azimio la 1967 ambalo kila mtu alijua), ambamo Mwalimu Nyerere alieleza kwamba kuhifadhi wanyamapori kunahitaji ujuzi maalumu, watu waliofunzwa, na fedha. Wakati huo karibu maofisa wote wakuu wa wanyamapori katika nchi zetu walikuwa Wazungu, na hakukuwa na mahali pa kumfunza Mwafrika kushika nafasi hizo. Mwaka 1963 Mweka ikafunguliwa kwa kazi hiyo, si kwa Watanganyika peke yao bali kwa Afrika. Tangu wakati huo imepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za bara hili, na wahitimu wake wamekuwa wakuu wa hifadhi katika nchi ambazo pengine mzee wa Keko amezijua kwa meli zake tu. Mafunzo yake yana sehemu kubwa ya porini: kulala hemani, kuhesabu wanyama, kusoma nyayo, kusoma ramani. Nenda katika ofisi ya hifadhi popote Afrika ya Mashariki au Kusini ukalitaje jina hilo, hutaulizwa liko wapi.

Sokoine nacho kina kisa chake. Kilikuwa Kitivo cha Kilimo cha Mlimani kule Morogoro, na mwaka 1984 kikafanywa chuo kikuu na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mwezi Aprili mwaka huohuo. Katika viwanja vyake, tangu 2000, shirika moja limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na baadaye kunusa vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi. Panya mmoja aliyezaliwa na kufunzwa hapo, Magawa, alipelekwa Kambodia akafichua zaidi ya mabomu na milipuko 100, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza. Picha yake ilizunguka dunia nzima. Nimewauliza watu kadhaa mjini kama wanamkumbuka yule panya, na wote walimkumbuka. Nilipowauliza alisomea wapi, ni mmoja tu aliyejibu Morogoro!

Vyuo vyote vitatu hutoa shahada inayohusu wanyamapori. Kwa hiyo ugomvi wa Keko haukuwa kati ya chuo na mtaani. Ulikuwa kati ya milango mitatu ya nyumba moja.

Sisemi kwamba jina ni upepo mtupu. Lina kazi yake. Kijana akibadili fani baada ya miaka mitano, akaomba kazi benki au katika ofisi ambayo mkuu wake hajui tofauti ya swala na pofu, jina linalojulikana litamfungulia mlango ambao heshima ya fani haitaufungua. Na ziko fani ambazo Mlimani ina vyote viwili. Sheria ndiyo iliyoanza nayo mtaa wa Lumumba. Historia ilisomeshwa hapo na Walter Rodney, na kitabu chake kilichotoka 1972 kingali kikisomwa katika vyuo vya dunia nzima. Anayekwenda huko kusoma sheria au historia hafuati sifa za barazani.

Ninachokilalamikia ni wazazi kumwuliza jirani neno ambalo angepaswa kuulizwa mtu wa kazi. Mimi mwenyewe nina stashahada tu ya uandishi wa habari, kutoka chuo ambacho baba yangu mdogo hadi leo hulikosea jina lake. Harusini hunitambulisha kuwa nilisoma "kile chuo cha redio". Lakini siku niliyofika chumba cha habari kwa mara ya kwanza, mhariri hakunitaka cheti. Alinipa kalamu na kuniambia niende soko la Kariakoo nirudi na habari kabla ya saa tisa. Nilirudi nayo, kwa sababu walimu wa chuo kile kisichojulikana walikuwa wametutuma sokoni kila Alhamisi kwa miaka miwili.

Yapo pia mambo ambayo hulifanya jina lipungue uzito mara tu kijana amalizapo masomo. Anayetaka kuwa mhasibu aliyeidhinishwa hana budi kufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na karatasi ya mtihani haina habari na jina la chuo alikotoka. Tangu 2008 wahitimu wa sheria hupita katika shule moja ya uanasheria kwa vitendo kabla ya kuwa mawakili. Hata kazi za serikali siku hizi huanza na usaili wa mchujo wa kuandika, na wapo wa vyuo vyenye majina makubwa walioachwa nje na wa vyuo vya mikoani.

Liko tatizo baya kuliko kuchagua jina badala ya heshima, nalo ni kuchagua jina la kununuliwa. Barabarani kuna mabango ya vyuo yenye maneno makubwa, "cha kimataifa", "bora kuliko vyote", na picha za vijana wa kigeni waliovaa majoho. Mwaka 2017 utaratibu wa kupeleka maombi yote mahali pamoja ulikoma, na mwombaji akaanza kuomba chuoni moja kwa moja. Mzigo wa kupambanua ukaiangukia familia. Januari 2020 Tume ya Vyuo Vikuu ilifuta hati za vyuo kadhaa. Fikiria mzazi aliyeuza shamba kulipa ada katika chuo cha namna hiyo. Kabla ya kubishana juu ya sifa, mzazi na atazame kwanza kama chuo kina ithibati na kama programu yenyewe imetambuliwa. Kisha aulize maswali ya fundi: hadubini moja hutumiwa na wanafunzi wangapi, mafunzo ya vitendo ni ya wiki ngapi, na waliomaliza mwaka juzi wako wapi leo.

Hilo la mwisho ndilo nililomwomba mzee wa Keko alifanye papo hapo. Alikumbuka kwamba ana mpwa wake, mhifadhi katika hifadhi moja ya kusini. Akampigia, akaiweka simu mezani sote tusikie.

"Shikamoo, mjomba," ilisema simu. Mzee alieleza shauri lake kwa kirefu, akianzia kwenye pilau. Mpwa alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba swali lina kasoro. Kama mdogo wake anataka kuwa mtafiti, awe na maabara na baadaye aende shahada ya uzamili, basi Mlimani au Sokoine. Kama anataka kuendesha hifadhi, kushika doria na askari na kuzungumza na wanavijiji ambao tembo wamekula mahindi yao, basi Mweka. "Mimi nilisoma Mlimani, mjomba. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifundishwa kufunga hema na kijana wa Mweka mwenye cheti tu. Mwaka wa pili yeye alikuja kwangu nimsaidie hesabu za sensa ya wanyama. Sasa, yeye mwenyewe anataka nini?"

Tulitazamana. Jioni nzima hakuna aliyemwuliza.

Binti aliweka sinia chini. Akasema kwamba mwaka alipokuwa kidato cha pili, tembo waliingia shamba la bibi yake kule Tunduru, na ofisa aliyekuja alikaa siku tatu akilala kwenye darasa la shule, akiwafundisha watu kuzungushia mashamba kamba zenye pilipili. Alitaka kuwa yule ofisa.

Mzee alimrudishia mpwa wake salamu za nyumbani, akakata simu. Alivaa miwani, akaichukua kalamu nyekundu, na chini ya orodha zote mbili zilizofutwa akaandika ya tatu. Aliandika polepole, akauliza kama Mweka huandikwa kwa herufi moja ya e au mbili. Mlimani aliiweka ya pili.

Kisha akaniuliza nauli ya basi kwenda Moshi ni kiasi gani siku hizi, na kama ndugu huruhusiwa kumsindikiza mwanafunzi hadi mlangoni.