Gari Limefika Wapi? Wafuatiliaji wa Safari ya Opportunity Katika Mirihi

Sayari ya Mirihi haina barabara wala vibao vya kilometa. Hata dira ya sumaku haifai kitu huko, kwa kuwa Mirihi haina uga wa sumaku unaoenea sayari nzima kama ulio nao Dunia. Hata hivyo, kati ya mwaka 2004 na 2018 gari moja la utafiti, lisilo na dereva, lilisafiri katika sayari hiyo mwendo wa kilometa 45.16. Njia lililopita ilichorwa hatua kwa hatua na wataalamu waliolituma, na pia na watu wengi wa kazi mbalimbali ambao hawakuwa na chombo chochote cha angani ila kompyuta na subira.

Gari hilo liliitwa Opportunity. Lilitua tarehe 25 Januari 2004 katika uwanda wa Meridiani, digrii 2 hivi kusini ya ikweta ya Mirihi. Lilikuwa na tungamo la kilo 185 hivi, magurudumu 6 na mabamba ya kunasa nguvu ya jua. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikusudia kwamba lifanye kazi kwa siku 90 za Mirihi, ambazo kila moja ina saa 24, dakika 39 na sekunde 35, na kwamba lisafiri kilometa 1 hivi. Lilidumu zaidi ya miaka 14.

Tangu mwanzo wa safari, picha zilizopigwa na gari zilitolewa hadharani kwa njia ya intaneti muda mfupi baada ya kupokelewa, kabla hazijasafishwa wala kufafanuliwa. Basi mtu yeyote aliyetaka aliweza kuzitazama, kuziunganisha na kujiuliza swali lile lile walilojiuliza wataalamu kila asubuhi: je, gari limefika wapi?

Udhaifu wa kuhesabu mizunguko

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ya kupima mwendo ni kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Gurudumu la Opportunity lilikuwa na kipenyo cha sentimeta 25 hivi. Mwanafunzi akizidisha kipenyo hicho kwa 3.14 atapata sentimeta 78.5, nao ndio mwendo wa mzunguko mmoja. Mizunguko 1,000 ingekuwa meta 785.

Lakini hesabu hiyo ni sahihi pale tu gurudumu lisipoteleza. Mwishoni mwa Aprili 2005 Opportunity lilikuwa likivuka matuta madogo ya mchanga laini. Magurudumu yalizama katika tuta moja, yakaendelea kuzunguka, na gari likabaki pale pale. Hesabu ya mizunguko ilionyesha kuwa gari linasonga mbele, ilhali lilikuwa likijichimbia shimo. Wahandisi waliliita tuta hilo Purgatory. Kazi ya kulinasua ilichukua zaidi ya wiki 5, hata tarehe 4 Juni 2005. Katika muda huo magurudumu yalizunguka kiasi cha kutosha kulipeleka gari zaidi ya meta 190 katika ardhi ngumu, lakini kwa hakika gari lilisogea meta 1 tu hivi.

Wahandisi hawakuweza kuliona kosa hilo papo hapo na kulisimamisha gari. Umbali kati ya Dunia na Mirihi hubadilika kutoka kilometa milioni 55 hadi milioni 400 hivi, na mawimbi ya redio, yaendayo kwa mwendo wa nuru, huchukua kati ya dakika 3 na 22 kuukata. Kwa sababu hiyo amri za siku nzima zilitumwa kwa pamoja, gari likazitekeleza peke yake, na matokeo yakajulikana baadaye.

Baada ya tukio hilo gari lilitakiwa kujichunguza mara kwa mara katika sehemu za mchanga. Lilipiga picha ya mawe na matuta yaliyo karibu, likasogea kidogo, likapiga tena, kisha kompyuta yake ikalinganisha picha hizo mbili. Mawe yakionekana yamehama kwa kiasi kinachotazamiwa, gari limesogea. Yakiwa yamebaki mahali pake, magurudumu yanateleza. Somo hili lilizingatiwa hata katika gari lililofuata, Curiosity, lililotua mwaka 2012. Magurudumu yake yalitobolewa matundu maalumu yanayoacha alama ardhini kila yanapomaliza mzunguko, ili umbali baina ya alama na alama upimwe kwa picha na utelezi ujulikane.

Kupatanisha picha ya chini na picha ya juu

Wafuatiliaji waliokuwa Duniani walikuwa na ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni picha za gari lenyewe. Kamera za kuongozea njia, zilizokuwa juu ya mlingoti, zilikamata pembe ya digrii 45 kwa kila picha. Kwa kuwa duara lina digrii 360, zilihitajika picha zisizopungua 8, na zaidi ya hizo ili kingo zipandane, kupata mandhari yote iliyolizunguka gari. Kamera hizo zilikuwa mbili, bega kwa bega, kama macho ya mtu. Jiwe lililo karibu huonekana limehama sana baina ya picha ya kushoto na ya kulia. Lililo mbali huhama kidogo. Kutokana na tofauti hiyo umbali wa jiwe huweza kukokotolewa.

Ushahidi wa pili ni picha zilizopigwa kutoka angani. Mwezi Machi 2006 chombo kiitwacho Mars Reconnaissance Orbiter kilianza kuizunguka Mirihi kikiwa na kamera yenye uwezo mkubwa, ambayo kila nukta ya picha yake huwakilisha eneo la upana wa sentimeta 30 hivi. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo kilipiga picha ya Opportunity likiwa ukingoni mwa shimo la Victoria. Gari lilionekana, na alama za magurudumu yake pia.

Kazi ya mfuatiliaji ilikuwa kupatanisha shahidi hao wawili. Aliunganisha picha za chini, akazigeuza kwa kompyuta zionekane kana kwamba zimepigwa kutoka juu, kisha akatafuta katika picha ya angani tuta lenye umbo lile lile, jiwe lile lile, au ukingo wa shimo ulio katika pembe ile ile. Kaskazini ilijulikana kwa Jua: gari lililipiga picha, na mahali pake angani palilinganishwa na wakati wa siku. Alama mbili zilizotambulika zilitosha kupata mahali lilipo gari. Ya tatu ilithibitisha au ilikanusha.

Mmoja wa watu waliojulikana kwa kazi hii ni Philip Stooke, mtaalamu wa ramani wa Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada. Yeye alichora njia za magari ya Mirihi kutokana na picha zilizotolewa kwa umma, akazikusanya katika atlasi ya uchunguzi wa sayari hiyo iliyochapishwa kwa juzuu mbili, mwaka 2012 na 2016.

Kutoka shimo hadi shimo

Njia iliyochorwa ilieleza mengi kuliko umbali. Opportunity lilitua ndani ya shimo dogo la duara, lililochimbwa na kimondo, lenye upana wa meta 22, ambalo liliitwa Eagle. Katika kuta zake palikuwa na miamba ya matabaka yenye gololi ndogo za madini ya chuma yaitwayo hematiti, pamoja na jarositi, madini yanayohitaji maji ili yafanyike. Huo ukawa ushahidi kwamba mahali hapo palipata kuwa na maji, tena yenye asidi.

Kutoka hapo gari lilikwenda shimo la Endurance, lenye upana wa meta 130 hivi, kisha likafika Victoria, lenye upana wa meta 800 hivi, mwezi Septemba 2006. Kila shimo lilikuwa na kina kuliko lililotangulia, na kwa hiyo lilifunua matabaka zaidi ya historia ya sayari.

Baada ya kutoka Victoria mwezi Agosti 2008, wahandisi walielekeza gari kwenye shimo la Endeavour, lenye upana wa kilometa 22. Mapema mwaka 2009 vilima vya ukingo wake vilianza kuonekana katika picha, vikiwa vidogo mno kwenye upeo wa macho. Wafuatiliaji walivitazama vikikua mwezi baada ya mwezi. Njia haikunyooka, kwa sababu picha za angani zilionyesha matuta makubwa ya mchanga katikati, na hakuna aliyetaka kuliona gari likinasa tena kama lilivyonasa Purgatory. Lilizunguka, likasafiri kilometa 21 hivi kwa muda wa miaka 3, likafika ukingoni mwezi Agosti 2011. Kabla ya mwaka huo kwisha lilikuwa limegundua mshipa wa jasi, madini yaliyowekwa na maji yaliyopita katika ufa wa mwamba.

Hapa ndipo umuhimu wa ramani unapoonekana. Jasi iliyopatikana mahali pasipojulikana ni habari nusu. Jasi iliyopatikana ukingoni mwa shimo fulani, katika mwamba wa tabaka fulani, huweza kulinganishwa na miamba mingine na kuwekwa katika wakati wake.

Mabishano juu ya kilometa

Kadiri safari ilivyorefuka, swali la umbali lilizidi uzito. Rekodi ya mwendo wa magurudumu nje ya Dunia ilikuwa mikononi mwa Lunokhod 2, gari la Shirikisho la Kisovyeti lililotembea Mwezini mwaka 1973. Gari hilo lilikuwa na magurudumu 8 ya kuliendesha, na la 9 nyuma, lisilosukumwa na mota, kwa ajili ya kupima mwendo tu. Kwa miaka mingi mwendo wake ulihesabiwa kuwa kilometa 37.

Mwaka 2013 Opportunity lilipokuwa likikaribia kiwango hicho, wataalamu wa Moscow waliupima upya mwendo wa Lunokhod 2 kwa kufuata alama za magurudumu yake, ambazo bado zinaonekana katika picha za chombo cha Marekani kinachouzunguka Mwezi. Kwanza walipata kilometa 42 hivi. Baada ya kujadiliana na wenzao wa Marekani juu ya njia ya kupima, pande zote zilikubaliana juu ya kilometa 39. Opportunity lilipita kiwango hicho, na mwezi Julai 2014 lilipotimiza kilometa zaidi ya 40 rekodi mpya ikatangazwa. Wanasayansi wake walilipa shimo moja dogo la hapo jirani jina la Lunokhod 2, kwa heshima ya waliowatangulia. Tarehe 24 Machi 2015 gari lilitimiza kilometa 42.195, urefu wa mbio za marathoni, kwa muda wa miaka 11 na miezi 2.

Ni vema kutambua kilichotendeka. Walioshika rekodi na waliotaka kuivunja walikubali kuamuliwa na ushahidi mmoja, yaani alama za magurudumu zilizo wazi kwa kila mtu kuzipima.

Mwezi Juni 2018 tufani kubwa ya vumbi iliifunika Mirihi na kuizuia nuru ya Jua isiyafikie mabamba ya gari. Ishara ya mwisho ilipokelewa tarehe 10 Juni. Wahandisi walituma zaidi ya amri elfu moja kujaribu kuliamsha, pasipo jibu, na tarehe 13 Februari 2019 NASA ilitangaza kwamba safari imekwisha. Lakini mahali lilipo panajulikana. Tarehe 20 Septemba 2018, vumbi lilipopungua, kamera ya angani ililipiga picha: nukta moja katika mteremko wa bonde la Perseverance, ukingoni mwa Endeavour, mahali ilipoishia mistari ya wachora ramani.

Majaribio mawili kwa shule

Mambo haya huweza kujaribiwa katika shule yoyote. Jaribio la kwanza linahitaji baiskeli ambayo magurudumu yake mawili yana ukubwa sawa. Fungeni kitambaa katika kila gurudumu, kisha mwanafunzi mmoja aendeshe meta 50 katika ardhi ngumu, na meta 50 nyingine katika mchanga, wenzake wakihesabu mizunguko. Gurudumu la nyuma husukumwa na mnyororo, hivyo huweza kuteleza. La mbele huviringika tu, kama lile la 9 la Lunokhod. Linganisheni hesabu zao katika ardhi zote mbili.

Jaribio la pili linahitaji ramani ya eneo la shule ya kipimo cha 1:50,000, dira na kipimapembe. Simameni mahali panapoonekana vilima vitatu vilivyomo katika ramani. Pimeni pembe ya kila kilima kwa dira, mkirekebisha tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani, iliyoandikwa pembezoni. Ikiwa kilima kiko katika digrii 60, chora mstari kutoka kilimani kwenda digrii 240. Mistari miwili itakatana mahali mlipo. Wa tatu huenda usipite hapo hasa, bali ukafanya pembetatu ndogo pamoja na ile miwili. Ukubwa wa pembetatu hiyo ndio kipimo cha makosa yenu. Ipimeni kwa rula, igeuzeni kuwa meta, na muiandike katika daftari pamoja na jibu.