Mwenye Zamu Akikosa Kufika, Nani Atakupimia Dawa?

Hebu fikiria, msomaji, umeamka na mtoto mwenye homa. Umemfikisha zahanati, amepimwa, malaria imeonekana na umeandikiwa dawa. Saa mbili asubuhi uko mbele ya kaunta ya duka la dawa. Usichojua ni kwamba saa kumi na mbili alfajiri mwenye duka alipigiwa simu na mfamasia wake: ameharisha usiku kucha na hawezi kufika kazini. Tangu hapo mwenye duka amekuwa akihangaika kuamua ni nani atakayesimama mahali pake.

Njia rahisi ni kumwachia kaunta kijana anayepokea pesa. "Huyu amekaa hapa miaka miwili, anazijua dawa zote," husema wenye maduka. Lakini kujua dawa imewekwa rafu gani ni jambo moja, na kujua dawa yenyewe ni jambo jingine kabisa.

Chukua hiyo dawa ya malaria ya mtoto wako. Vidonge vya artemether na lumefantrine hutolewa kwa kadiri ya uzito. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kila mara; wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa 2; wa kilo 25 hadi chini ya 35 hupewa 3; na wa kilo 35 kwenda juu hupewa 4, sawa na mtu mzima. Dozi ni sita kwa siku tatu, na ile ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza. Asiyefunzwa haulizi uzito, hukadiria kwa macho tu. Amoxicillin ya maji nayo huja kwa nguvu mbili, miligramu 125 na 250 katika kila mililita 5, na chupa hufanana sana. Mbaya zaidi ni methotrexate: mgonjwa wa baridi yabisi huimeza mara moja kwa wiki. Akiambiwa aimeze kila siku, inaweza kumuua.

Ndiyo maana Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, inataka dawa za aina hii zitolewe na mtaalamu aliyesajiliwa au chini ya usimamizi wake. Leseni yake hutolewa na Bodi ya Dawa na Sumu, nayo huhuishwa kila mwaka.

Basi mwenye duka afanye nini saa hiyo ya alfajiri? Ukweli ni kwamba mtu wa dharura hatafutwi siku ya dharura. Duka lililopangwa vizuri huwa na orodha ya wafamasia na mateknolojia wa dawa watatu au wanne wanaokubali kushika zamu za muda, wale ambao wenzao huwaita lokamu. Leseni zao zimekwisha kuhakikishwa katika rejista ya Bodi, na malipo yamekubaliwa mapema, kwani kubishania pesa huku wagonjwa wakisubiri mlangoni ni aibu. Wengine siku hizi hupatikana haraka kupitia makundi ya WhatsApp ya wanataaluma, lakini ujumbe wa simu si leseni. Wala usimchukue aliyetoka zamu ya usiku hospitalini saa hiyo hiyo. Macho yaliyochoka hayasomi mwandiko wa daktari.

Mgeni naye aachiwe ukurasa mmoja: dawa zipi zimekwisha, wagonjwa gani watarudi leo kuchukua zao, na nani wa kupigiwa simu. Dawa zinazodhibitiwa kama morphine hukaa kwenye kabati lenye kufuli. Zihesabiwe na kuandikwa kwenye rejista kabla ya ufunguo kubadilisha mikono; zikipungua baadaye, lawama itamwangukia huyo mgeni.

Na akikosekana mtu kabisa? Kaunta ya dawa ifungwe, sabuni na nepi ziendelee kuuzwa. Mgonjwa arudishiwe karatasi yake na aelekezwe duka jingine lenye mtaalamu, hasa yule wa insulini au wa kifafa ambaye hawezi kuruka dozi. Hasara ya siku moja inauma, najua, lakini inalipika.

Wewe mteja una nafasi yako pia. Hapa kwetu kila aliyevaa koti jeupe nyuma ya kaunta tunamwita "daktari", na jina hilo huficha mengi. Uliza kwa heshima: "Samahani, mfamasia wa zamu leo ni nani?" Mwenye leseni hakasiriki. Mtajie mzio wowote ulio nao, kwa mfano wa dawa za salfa kama septrin, pamoja na dawa nyingine unazotumia. Yule wa kila siku huenda anakumbuka. Wa leo hakujui.

Ukifika nyumbani ukaona vidonge vina rangi au umbo tofauti na vya mwezi uliopita, usivimeze kwanza. Rudi navyo dukani, pamoja na pakiti ya zamani. Mara nyingi ni dawa ile ile iliyotengenezwa na kampuni nyingine, na utaelezwa hivyo kwa dakika moja.