"Futa akiba": kitufe hiki hakigusi pesa zako

Saa kumi na mbili jioni, uko steji ya Satellite, Riruta. Mama mboga ameshakukatia sukuma, na watu wamepanga laini nyuma yako. Unafungua app ulipe, inazunguka tu. Simu inasema nafasi imejaa. Unaingia kwenye mipangilio utafute cha kupunguza, unakutana na maneno mawili: Futa akiba. Mkono unasita. Nani anataka kufuta akiba yake?

Usiogope. Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili, "akiba" hapo si pesa. Ni kile kitufe ambacho simu ya Kiingereza huandika Clear cache. Hivyo ni vitu ambavyo app imejiwekea karibu ili isivitafute upya kila mara: picha, nembo, hata vipande vya programu ambavyo simu imeshavitafsiri kwa lugha ya mashine. Ni kama sukuma ambayo mama mboga hukata mapema kabla watu hawajashuka matatu. Ikiisha, anakata nyingine. Ukifuta, app inaweza kufunguka polepole mara ya kwanza, basi.

Pesa zako haziko ndani ya simu. Hesabu yake iko kwenye mitambo yetu. Ndiyo maana mwenye kabambe, asiye na app hata moja, hutuma na kupokea pesa kama wewe.

Kwenye Android, fanya hivi (majina hutofautiana kidogo):

1. Fungua Mipangilio, kisha Programu.
2. Chagua app, halafu sehemu ya hifadhi.
3. Bonyeza Futa akiba.

Anza na app za video na mitandao ya kijamii. Hizo ndizo hula nafasi zaidi.

Karibu yake kuna kitufe kingine: Futa data. Hicho usikibonyeze ovyo. Kitakutoa kwenye app, na itabidi ujisajili tena laini yako ikiwa ndani ya simu. Salio halipotei, lakini foleni haitakungoja.

Pia, usifute SMS za malipo ili upate nafasi. Hizo ni ushahidi wako mkibishana na mtu.

Na mtu akikupigia akidai akiba yako imefutika, eti umpe PIN airudishe, kata simu. Hata fundi anayekusafishia simu hahitaji PIN yako ya pesa.