Mjane aliyekataa nyumba ya Douglass iuzwe

Bila shaka umewahi kuona, msomaji, jinsi mambo yanavyobadilika mzee wa boma anapozikwa. Wageni hawajamaliza kuondoka na tayari watu wananong'onezana hatimiliki iko wapi. Na kama marehemu aliacha mke wa pili ambaye hakuzaa naye, basi vikao huwa havina mwisho.

Mkasa wa aina hiyo ulitokea jijini Washington, Marekani, mwaka wa 1895, na nusura uipoteze mojawapo ya nyumba mashuhuri katika historia ya kupinga utumwa.

Mwenye nyumba alikuwa Frederick Douglass. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland mwaka wa 1818 na akajifunza kusoma kwa kujificha. Mwaka wa 1838 alitoroka akiwa amevalia kama baharia. Aliyemsaidia, hata kwa akiba yake mwenyewe, alikuwa Anna Murray, mwanamke mweusi aliyekuwa huru, na huyo ndiye akawa mkewe. Tangu hapo Douglass alizunguka Marekani na Uingereza akihutubia watu, akaandika vitabu na kuchapisha gazeti, hadi utumwa ulipopigwa marufuku nchini mwake mwaka wa 1865.

Mnamo 1877 alinunua nyumba juu ya kilima ng'ambo ya mto Anacostia kwa dola 6,700. Akaiita Cedar Hill. Hapa pana kichekesho. Mtaa ulio chini ya kilima hicho ulikuwa umepimwa viwanja kwa sharti kwamba mtu mweusi asiuziwe wala kukodishiwa. Na nyumba aliyoinunua Douglass ndiyo ile aliyojijengea mmoja wa wakuu wa kampuni iliyoweka sharti hilo!

Anna alifariki mwaka wa 1882. Miaka miwili baadaye Douglass alimwoa Helen Pitts, mzungu aliyekuwa karani katika ofisi yake na ambaye Douglass alimzidi umri kwa miaka 20 hivi. Hapakukalika. Babake Helen, ingawa alikuwa mpinzani wa utumwa, alikataa kumpokea mkwe huyo. Watoto wa Douglass nao hawakumfurahia mama wa kambo.

Douglass alipokata roho mnamo Februari 20, 1895, wasia wake ulisema kwamba Cedar Hill ni ya Helen. Lakini sheria ilitaka mashahidi watatu kwa mali isiyohamishika, na wasia ulikuwa na sahihi za wawili. Sahihi moja tu ilikosekana, na nyumba ikawa ya warithi wote.

Helen aliwaomba watoto watatu waliokuwa hai waiache iwe kumbukumbu ya baba yao. Wakakataa. Walitaka iuzwe, kila mtu achukue fungu lake. Wewe pia usiwe mwepesi wa kuwalaumu. Mama yao ndiye aliyetoa akiba baba akapata uhuru, na sasa waambiwe wamwachie nyumba mwanamke aliyekuja juzi? Wengi wetu tungesema hivyo hivyo.

Helen hakubishana sana. Alikopa pesa, akaiweka nyumba rehani na kuwanunulia warithi hao mafungu yao. Kisha mjane huyo akaanza kusafiri mji baada ya mji akitoa mihadhara ya kulipiwa ili apunguze deni. Mnamo 1900 alifaulu kupata sheria ya Bunge la Marekani iliyounda chama cha kuitunza nyumba hiyo. Alifariki mwaka wa 1903, deni likiwa bado.

Chama hicho kilihangaika. Sifa za marehemu hazizibi paa linalovuja, wala benki haipokei hotuba. Mwaka wa 1916 mzigo ukachukuliwa na chama cha kitaifa cha wanawake weusi, chini ya uongozi wa Bi Mary Talbert. Hebu fikiria: wakati huo wanawake wengi Marekani hawakuwa hata na haki ya kupiga kura. Lakini walichanga, huyu kidogo na yule kidogo. Mchango mkubwa kuliko yote, dola 500, ulitoka kwa Madam C. J. Walker, ambaye aliwahi kuwa dobi kabla ya kutajirika kwa kuuza mafuta ya nywele.

Mwaka wa 1918, wanachama walipokutana Denver, hati ya rehani iliteketezwa mbele yao. Talbert aliishika hati, Walker akashika mshumaa.

Nyumba ilikarabatiwa ikafunguliwa 1922. Gharama zilipowalemea, mwaka wa 1962 iliingia mikononi mwa serikali, katika idara ya mbuga za taifa, na baada ya matengenezo makubwa ikafunguliwa tena 1972.

Kwa kuwa haikuuzwa, vitu vingi vya mzee havikutawanyika. Vitabu vyake vimo. Fidla yake imo. Mna pia bakora ya Rais Abraham Lincoln, aliyoletewa na mjane wa rais huyo, na chumbani, vile vyuma vya mazoezi alivyokuwa akinyanyua hata uzeeni.